Koti Ndani ya Nyumba ya Mama

Rafiki yangu, nakuandikia wewe kwa sababu nikikuambia kitu unakaa nacho vizuri, hauendi kukimwaga kwa mfereji halafu kinanirudia kikiwa na mkia. Hii ni habari ya safari yangu ya kutoka Migori mpaka nyumbani kwetu, upande wa Rangwe, na kurudi. Si safari ndefu. Watu wa biashara wanaenda na kurudi siku hiyo hiyo na bado wanapika jioni. Lakini mimi tangu nirudi sijatulia, na nimeona afadhali niiandike mwenyewe, na huu mwandiko wangu wa ngumbaru, kabla wengine hawajanisimulia.

Sababu ya kwenda ilikuwa mama yangu, Persila. Tulimzika mwaka jana. Kaka yangu Zablon, ambaye ndiye mkubwa wa boma na pia mzee wa kanisa, alituma neno kwamba siku ya ukumbusho imefika, mahindi yametoka shambani, nije na msichana wangu Akinyi. Alisema historia ya mama itasomwa mbele ya wajukuu wote. Nilifurahi. Nilifunga duka langu la nafaka bila kuuliza mara mbili.

Nikueleze kwa nini nilifurahi. Baba yetu alikufa mimi nikiwa bado wa kutumwa maji. Kwetu mume akifa, mjane lazima achukuliwe na ndugu wa ukoo. Tunaita tero. Huyo mwanaume analala kwa ile nyumba, na baada ya hapo ndiyo mjane anaweza kuingia kwa watu, kupanda shamba, na wanawe kujenga. Mama alikuwa amebatizwa. Alisema mume wake amekufa, na yeye sasa ana Bwana mmoja tu. Basi wakamwacha na huyo Bwana wake. Jirani wakikutana naye walisimama ng'ambo ya ua, wanaongea naye juu ya ua kama mtu mwenye surua. Hakuna aliyeomba moto kwake. Paa lilipooza mvua ikaingia, na hakuna mwanaume wa boma aliyekubali kuligusa, maana nyumba ya mjane ambaye hajarithiwa haiguswi. Ukiigusa unapata chira, ile laana ya kukonda mpaka ufe.

Tulilala chini ya meza misimu miwili. Halafu siku moja wanawake wa kanisa walikuja na nyasi kichwani. Kwetu mwanamke hapandi juu ya nyumba, hata kama inaungua. Mama alijifunga leso mbili, akapanda. Wengine wakamfuata. Mimi nilikuwa chini nikiwarushia mafungu, na wazee wa ukoo wamesimama nje ya lango wakiangalia, wanangoja nani ataanguka wa kwanza. Hakuanguka mtu. Waliezeka wakiimba mpaka mwisho.

Hiyo ndiyo mali mama alituachia. Ng'ombe hakuacha. Nilitaka Akinyi aisikie kwa masikio yake, tena kutoka kwa mdomo wa mjomba wake mbele ya watu, kwa sababu mimi nikimwambia nyumbani anadhani ni namna ya kumtuma kuosha vyombo.

Migori, Ijumaa asubuhi. Bwana Abdalla, mwenye duka la jumla tunalopakana nalo sokoni, alikuwa anapeleka sabuni na unga Rodi Kopany na gari lake la mizigo. Akatuambia tupande mbele. Ni mtu wa Pwani, amekaa Migori mpaka anajibishana na wauza samaki kwa Dholuo, lugha yetu, ingawa wanamcheka.

Nilimweleza njiani tunakokwenda na kwa nini. Akasikiliza mpaka tukapita mashamba ya miwa ya Awendo.

"Sasa huyo mama yako," akasema, "alikatazwa kuingia kwa watu miaka yote hiyo kwa kukataa mume?"

"Ndiyo."

"Kwetu mjane anakaa eda. Eda ikiisha, ni mwanamke huru. Akitaka ataolewa, asipotaka hakuna wa kumuuliza. Nyinyi kitabu chenu hakisemi?"

"Kinasema."

"Basi shida iko wapi, mama Akinyi?"

"Shida ni kwamba tunakisoma Jumapili."

Alicheka, lakini mimi sikuwa nachekesha. Akinyi aliangalia nje dirishani. Ana umri ule ambao mama yako akiongea na mtu yeyote unatamani gari likumeze.

Rodi Kopany. Abdalla alitushusha sokoni, na hapo hapo nikamwona Rosa, bibi ya Zablon, anachagua vitunguu vya shughuli. Rosa ni mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo alinikumbatia kwa haraka, akamshika Akinyi mashavu, akasema amekuwa mrefu kuliko adabu. Tukabeba kabichi pamoja kuelekea stendi.

"Umekuja vizuri, yuora," akaniambia, maana sisi mawifi tunaitana hivyo. "Kila kitu kiko tayari. Hata nyumba ya mama iko sawa sasa. Ouma ataanza kujenga simba yake wiki ijayo."

Ouma ni kijana wao, na simba ni ile nyumba kijana anajenga kwa boma la baba yake akiwa mtu mzima.

"Nyumba ya mama iko sawa namna gani?" nikauliza. "Ilikuwa na shida gani?"

Rosa akahamisha kabichi kutoka mkono huu kwenda huu mwingine. "Utaongea na kaka yako."

"Naongea na wewe."

"Mimi nimeolewa tu hapo," akasema. "Kama wewe umeolewa Migori."

Kutoka hapo mpaka Rangwe hakuongea tena, na Rosa kunyamaza ni kitu cha kutisha.

Nyumbani, mchana. Kutoka Rangwe tulitembea. Boma lilikuwa limefagiliwa, turubai zimefungwa, kaburi la mama limepakwa chokaa. Nilisimama hapo kidogo na Akinyi, tukaomba. Halafu nikaingia kwa nyumba yake kuweka mizigo. Sasa ni ya mabati, fundi Mkisii ndiye aliyeweka, kwa sababu yeye chira yetu haimjui.

Ndani chumbani, juu ya kitanda cha mama, kulikuwa na koti ya mwanaume imetundikwa kwa msumari.

Ilikuwa koti ya kijivu, kiwiko kimetoboka. Akinyi akaniuliza ni ya nani. Mwenye koti sikumjua, lakini kazi ya koti nilijua. Siku hizi, mtu akiona haya kuleta mwanaume, analeta koti yake. Inalala kwa nyumba usiku mmoja, halafu inahesabiwa kwamba mjane amerithiwa. Hata aliyekufa anaweza kufanyiwa hivyo.

Nilimwita Zablon. Alikuja akipangusa mikono, akaona ninachoangalia, akafunga mlango nyuma yake.

"Nyaminwa, dada yangu, ni koti tu," akasema.

"Kama ni koti tu, itoe."

"Mama hayuko. Haimuumizi."

"Wewe ndiye unayegawa meza ya Bwana kwa ile kanisa. Mikono hii hii."

Akaketi kwa kitanda cha mama. Rafiki yangu, nilikuwa nimejitayarisha kwa ukali, lakini yeye hakuwa mkali. Alikuwa amechoka.

"Nimezika wawili," akasema. "Unajua. Ulikuja mara zote mbili. Walikonda mpaka nikawabeba kama watoto. Kila mtu hapa anasema ni hii nyumba. Huyu Ouma ndiye wa kiume pekee nimebaki naye. Kama ni koti inaweza kuniachia yeye, mimi nitaiacha hapo mpaka iliwe na panya."

"Wale vijana hawakuuawa na mama. Huu ugonjwa uko kila mahali, hata Migori tunazika kila wiki, hata kwa boma ambazo wajane wamerithiwa mara tatu. Huko ndiko umejaa zaidi."

"Hayo ni ya daktari."

"Na ya mama ni ya nani?"

Akasimama, akasema niende nikanywe chai, watu wanafika. Nikamuuliza kitu kimoja tu, kesho kwa historia utasoma nini. Akasema nitasikia.

Alasiri hiyo niliitoa ile koti kwa msumari, nikaikunja vizuri, nikaenda kuuliza ni ya nani. Haikuwa siri. Mwenyewe alikuwa baba Okelo, binamu ya marehemu baba, anakaa ng'ambo ya kijito. Walikuwa wamempa beberu kwa ajili ya hiyo kazi, na beberu nilimkuta amefungwa mbele ya jiko, anakula mpaka ua wa watu.

"Baba, nimekuletea koti yako," nikamwambia. "Inasikia baridi kule peke yake."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Wewe ni mtoto wa Persila kweli."

Tuliketi. Akinyi alikuwa nami. Na huyo mzee, bila kuulizwa, akasema kitu ambacho sikujua maisha yangu yote. Kwamba wakati baba alikufa, yeye ndiye ukoo ulimtuma kwa mama. Alikuwa kijana, ana bibi mmoja. Alikwenda jioni amevaa viatu.

"Mama yako alinifungulia," akasema. "Akanipa uji. Ulikuwa na ndimu. Nikanywa, nikafikiri mambo yameiva. Akaniambia sasa funga macho, Okelo, tuombe. Akaniombea mimi na bibi yangu, mpaka uji ukapoa tumboni. Nilipofungua macho, mlango ulikuwa wazi na yeye amesimama nje, ananishikia taa nione njia ya kurudi."

"Na haukurudi tena?"

"Nirudi niombewe tena?"

Akinyi alicheka. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akicheka tangu tutoke Migori.

Nikamwomba mzee kitu kimoja, ayaseme hayo kesho mbele ya wajukuu. Hakuna mtu mwingine aliye hai anayeweza kuyasema. Akakubali. Akachukua koti yake, akaivaa, akasema atayasema, kwani ni aibu yake mwenyewe na mtu mzee aibu inamfanya nini. Nilirudi nikiwa mwepesi. Nilimwambia Akinyi, sasa utaona.

Jumamosi asubuhi. Niliamka nikaenda kuchukua leso yangu chumbani kwa mama. Koti ilikuwa imerudi kwa msumari.

Mchana turubai zilijaa. Kulikuwa na kwaya ya kanisa, spika za kukodisha, mchungaji amekuja na pikipiki. Wajukuu waliwekwa mbele kwa mikeka, wavulana upande mmoja na wasichana upande mwingine. Zablon akasimama na historia. Alisoma vizuri, sauti yake ni nzuri kama ya baba. Akasoma mama alizaliwa wapi, akabatizwa na nani, watoto alizaa. Akasoma alipenda maombi na usafi. Halafu akasoma hivi: "Mama alikaa mjane miaka mingi, na mwisho akapatana na ukoo wake, nyumba yake ikafunikwa kama desturi inavyotaka, akaacha boma likiwa safi."

Watu wakaitikia amina. Wengine walipiga makofi. Nyasi hazikutajwa wala paa. Miaka yake yote iliishia kwa neno "mwisho akapatana."

Nilisimama. Sikupiga kelele. Nilisema, "Mama hakupatana na hiyo kitu. Alikufa hajarithiwa, na alijivunia hivyo. Watoto, dani yenu alipanda juu ya hiyo nyumba yeye mwenyewe wakati..."

Mwongoza shughuli, kijana wa shati jeupe, akasogeza mdomo kwa maikrofoni akasema dada yetu ana uchungu bado, tumsaidie na wimbo. Kwaya ikasimama. Waliimba juu ya maneno yangu, rafiki yangu, wimbo mzuri, wimbo ambao mama mwenyewe alitufundisha. Niliendelea kusema nikiwa nimesimama, na hakuna aliyesikia. Nilikuwa naona midomo yao yote imefunguka, wananiangalia kwa huruma.

Walipomaliza nikasema kwa sauti, "Basi mwulizeni baba Okelo. Yeye anajua."

Wakampa mzee maikrofoni, kwa heshima. Alikuwa amekaa safu ya mbele, bila koti. Aliangalia Zablon, akaangalia Ouma aliyekaa na wavulana, kijana mwembamba, shingo imeanza kuonyesha mifupa. Halafu akasema, "Koti yangu iko ndani," akarudisha maikrofoni, akaketi.

Walimpigia makofi.

Mchungaji alinitafuta baada ya chakula. "Mama, umeongea kwa imani," akasema, "lakini mambo ya boma tuwaachie wenye boma. Kanisa likiingia kila nyumba tutabaki na viti."

"Mama yangu ndiye alileta viti," nikamwambia. "Na wanawake aliopanda nao juu ya hiyo nyumba."

Akasema atanikumbuka kwa maombi. Nikamwambia anikumbuke kwa mahubiri.

Jioni, nyuma ya jiko. Wasichana wa boma walikuwa wanaosha sufuria kubwa za ukumbusho, wananong'ona. Nilipofika wakanyamaza. Nikavua viatu, nikashika majivu na kamba nikaanza kusugua pamoja nao. Baadaye kidogo mmoja, mtoto wa mwisho wa Zablon, akaniuliza bila kuniangalia.

"Waya, ni ukweli dani alipanda juu ya nyumba?" Waya ndiyo shangazi, kama dani ni nyanya.

"Alipanda."

"Na rinda?"

"Leso mbili, moja juu ya nyingine. Wazee wako nje ya lango wanachungulia. Hawakuona kitu."

Wakacheka na mikono kwa midomo, majivu yakawashika mashavuni. Nikawapa yote, na jirani wa ng'ambo ya ua, na kulala chini ya meza. Walisikiliza kama watu wanaosikia umbea, si kama watu wanaosikia ushuhuda, lakini walisikiliza. Halafu Rosa akaita kutoka jikoni, kwa ukali ambao si wake, kwamba maji yanaisha. Wote wakatawanyika. Yule mdogo alipopita karibu nami akasema polepole, "Baba ametukataza kukuuliza."

Ya uji sikuwaambia mimi. Nilipomwaga maji nilisikia Akinyi nyuma ya ghala, anawaambia hiyo, na kushika taa, na mlango wazi. Alipojua nimesikia akajifanya anatafuta kiatu.

Jumapili, njia ya kurudi. Sikuenda kuketi kwa ile kanisa nikaangalie mikono ya Zablon ikigawa mkate. Niliomba kwa kaburi, tukaondoka. Zablon alitusindikiza mpaka langoni, akanipa kuku. Nilikataa. Akasema, "Nyaminwa, kama wako angekuwa anakonda." Nilimwangalia. Nilimwambia tu kwamba mama pia alikuwa na watoto, tulikuwa wawili chini ya meza, na hakutundika koti.

Alishika lango, kuku bado kwapani. Halafu akalifunga.

Rongo tulingoja gari kwa jua. Akinyi alikuwa amekaa juu ya begi.

"Mathe," akasema, "mimi siwezi kufanya kama dani. Nikuambie ukweli. Watu wote wakatae kuongea na mimi, miaka yote?"

"Sijakuambia ufanye."

"Sasa unataka nini na mimi?"

Nilitaka kumpa jibu zuri, la kanisani. Nilichoweza kusema ni kwamba nataka tu asije akaambiwa na mtu yeyote kwamba dani yake alikubali. Akachora chini na kidole cha mguu. "Hiyo naweza," akasema.

Migori, sasa. Nimerudi kwa nafaka zangu. Abdalla aliuliza shughuli ilikuwaje, nikamwambia tulikula vizuri. Nasikia Ouma ameshajenga simba, na bado anakohoa.

Nilichojifunza hakifurahishi, lakini nitakupa hivyo hivyo. Nilidhani imani ya mama ilikuwa na maadui, na wote walikuwa wazee wa nje ya lango. Hao hawakuiweza. Sisi watoto wake tumeiweza kwa mstari mmoja, tukiwa na maikrofoni na kwaya, na hakuna aliyetulazimisha. Urithi wa namna hii hauibiwi na mgeni. Unalainishwa na wenyewe, mpaka watoto wakipewa hawasikii uzito wowote.

Na najua vile itakavyokuwa. Ouma akipona, watashukuru koti. Akifa, watanitaja mimi, kwamba niliigusa. Mama hatatajwa kwa lolote, zuri au baya. Mimi namwombea huyo kijana kila siku apone, hata kama sifa itakwenda kwa kitambaa kilichotoboka kiwiko.

Ndiyo maana nimekuandikia. Usiiweke hii kwa sanduku. Msomee msichana wako, na umwambie amsomee wake, na kama una jirani aliyefiwa na mume na anasimama peke yake ng'ambo ya ua, mpelekee. Kama hawana muda wa kusikia yote, wasomee jina tu, Persila, na uwaambie hakukubali.